Mizani Nane Kando ya Jiko

Wanawake wenzangu wanaopenda kutunga, kuchora, kushona au kuimba huniuliza mara kwa mara mawazo ya mashairi yangu hutoka wapi, na swali hilo haliji peke yake. Huja pamoja na lalamiko kwamba siku nzima imekwisha katika kufua, kupika, kupeleka watoto shule, kuuguza wazee na kuhudhuria shughuli za ndugu na majirani, hata ikifika saa ya kukaa na kalamu kichwa kimechoka na hakina kitu cha kusema. Lalamiko hilo nalielewa kwa sababu ninaishi ndani yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, ni mke, ni mama, ni mtoto wa mama mzee anayehitaji kuangaliwa, na katikati ya hayo yote ni mtunzi. Hata hivyo ninaamini, na ningependa kulieleza hili kwa kirefu, kwamba kazi zetu za kila siku hazitutengi na sanaa. Wanawake waliotunga, walioimba na waliofinyanga mambo makubwa kabla yetu walichukua humo humo, ndani ya kazi zao, habari za kusema na hata namna ya kuzisema.

Nianze na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858 mama huyu alikuwa mgonjwa, na katika beti za mwanzo za utendi wake, yaani shairi lake refu, anasema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima bila kupata nafasi ya kumwambia binti yake neno jema. Ndipo anapomtaka binti huyo asogee, akae na wino na karatasi, apokee wasia. Utendi huo una beti 102, nao unasomwa hadi leo. Zimo humo nasaha ambazo mwanamke wa zama hizi hawezi kuzikubali zote, nami ni mmoja wao, kwa sababu utii anaotakiwa mke kuwa nao mbele ya mumewe unafika mahali ambapo mimi sitamfikisha binti yangu. Lakini ninapousoma kama mtunzi ninaona ujasiri wa aina nyingine. Watunzi wengi wa upwa huo waliitumia bahari ya utendi, yaani umbo hilo la shairi, kusimulia vita vya Mtume na visa vya manabii, yaani mambo makubwa yaliyotokea mbali na nyumbani. Mwana Kupona alichukua bahari ile ile akaingiza ndani yake usafi wa nyumba, kuoga na kufunga nywele, asumini za kutandaza kitandani, kumpepea mume aliyelala, na namna ya kukaa na watu, wakubwa kwa wadogo. Hakuona kwamba mambo ya chumbani na uani ni madogo mno kwa utendi. Aliyajua kwa undani kuliko mtu mwingine yeyote, na ujuzi huo ndio uliompa nguvu ya kutunga akiwa kitandani.

Kuna jambo katika umbo la utenzi, yaani utendi huo huo, ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane, vitatu vya kwanza vinaungana kwa vina vyao, na cha nne kinabeba kina kimoja kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kipande cha mizani nane ni kifupi kiasi cha kukaa kichwani bila kuandikwa. Mimi hutunga nikiwa nimekaa juu ya mbuzi, ninakuna nazi, kwa kuwa mkono unapokwenda na kurudi juu ya meno ya mbuzi huwa na mwendo wake, na maneno hujipanga ndani ya mwendo huo bila kulazimishwa. Kipande cha kwanza nakisema kwa sauti ya chini, nakirudia mpaka kikae sawa, kisha naanza kutafuta cha pili. Nikifika kwenye kukamua tui kwa kifumbu mara nyingi vipande vitatu vimekwisha patikana, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kwa maana kipande cha nne lazima kirudi kwenye kina kilichochaguliwa tangu mwanzo, nacho hakikubali neno lolote lililotumika kwa ajili ya kujazia tu. Wali ukiwa motoni ubeti umekamilika, nami nauandika kabla watoto hawajaingia. Shairi la mizani kumi na sita silipati kwa njia hii. Hilo linataka meza, karatasi na utulivu. Utenzi, kwa upande mwingine, humkubali mtu ambaye mikono yake ina kazi.

Sidhani kwamba hayo ni ya bahati. Nilipokuwa mtoto kule Pangani, mashine ya kusaga ilikuwa imekwisha fika, lakini shangazi zangu waliendelea kutwanga mpunga kwa kinu na mchi kila ilipokuwapo shughuli, wanawake wawili na mara nyingine watatu kwenye kinu kimoja, wakipokezana. Watu watatu hawawezi kutwanga katika kinu kimoja bila wimbo, kwani michi ingegongana na vidole vingeumia. Wimbo ndio uliokuwa ukimwambia kila mmoja zamu yake. Mmoja aliongoza, wenzake wakaitikia, na anayeongoza alikuwa na ruhusa ya kubadilisha maneno papo hapo: akamtaja wifi mvivu, akamsifu bibi harusi, akamrushia fumbo mtu aliyepita njiani. Hapo mtunzi alikuwa akifundishwa mizani na mwili wake mwenyewe, kabla hajajua kwamba mizani zina jina na zinahesabiwa. Nyimbo za kubembeleza watoto nazo ni hivyo hivyo, maana mtoto anayebembelezwa hulala kwa mwendo ulio sawa na huamka unapovunjika.

Ninapaswa kusema pia kwamba si kazi zote zinazolisha utunzi, na mwanamke anayetaka kuitunza nguvu yake ya ubunifu ni vizuri azijue zipi zinazompa na zipi zinazomnyang'anya. Kazi ya mikono iliyozoeleka, kama kufua, kufagia uwanja, kuchambua mchele, kusuka nywele za binti au kukuna nazi, huiacha akili huru. Kusahihisha madaftari ya wanafunzi hakuiachi, kwa sababu akili yote imo kwenye daftari. Kuuguza kuna hali yake: unapouguza hutungi chochote, lakini baadaye, miezi ikipita, mambo uliyoyaona karibu na kitanda cha mgonjwa hurudi yenyewe na hudai kusemwa. Kwa hiyo siku ambayo nina madaftari mengi sijidai kutunga. Siku ya kufua ndiyo ninayoitegemea, na mume wangu amekwisha jua kwamba nikiwa karaini na povu nikitikisa kichwa na kusema peke yangu sihitaji kuzungumzishwa.

Jambo la pili nililolipata katika kazi za wanawake ni namna ya kuishi na kukatizwa. Wanawake wa Pemba, wa Mafia na wa vijiji vyetu vya pwani wanaosuka mikeka hawaisuki mara moja kwa upana wake. Huanza kwa kukausha ukindu, kuuchana chane nyembamba, kutia rangi baadhi yake, kisha husuka ukili, yaani utepe mwembamba mrefu ambao hukunjwa kadiri unavyokua. Ukili huwekwa kando mtoto akilia, huchukuliwa tena barazani jioni, huenda nao mwenyewe akienda kuzungumza kwa jirani, na hauharibiki kwa kuachwa. Nakshi zake zimo vidoleni, na msukaji akirejea huangalia chane zilipoishia akaendelea. Mwishoni ndipo ukili unapozungushwa na kushonwa pamoja hadi mkeka ukatokea. Mimi nazitunga beti zangu kama ukili. Kila ubeti ni kazi inayoweza kuanza na kukamilika kati ya jambo moja na jingine, na mpangilio wa utenzi mzima naufanya baadaye, wakati wa likizo za shule. Mwenzangu mmoja anayepaka rangi amejichagulia vipande vidogo vya turubai kwa sababu hiyo hiyo, na mwingine anayeandika hadithi huandika kila tukio mbali mbali, kisha huyaunganisha. Mwanamke anayesubiri siku nzima iliyo tupu ili aanze kazi kubwa atasubiri mpaka watoto wake wawe na watoto.

Kuhusu kanga ningeweza kuandika makala nyingine nzima. Vazi hili lilishika pwani yetu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na mjini Mombasa chapa ya Mali ya Abdulla imekuwapo tangu mwaka 1887. Kila mmoja wetu anajua sehemu zake: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini, ambalo zamani lilichapwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kilatini. Mimi huyasoma majina ya kanga katika daladala na katika barabara za Ngamiani kama mtu anayesoma diwani. "Japo sipati tamaa sikati." "Usisafirie nyota ya mwenzio." Tazama jinsi maneno machache yanavyobeba kisa kizima bila kumtaja mtu. Aliyevaa anajua anamwambia nani, anayeambiwa anajielewa, na mpita njia anaona kanga nzuri tu. Mtunzi akijizoeza kuandika jina la kanga isiyokuwapo, kwa ajili ya jambo lililomuudhi au lililomfurahisha siku hiyo, hujifunza kukata maneno kuliko atakavyojifunza katika darasa lolote. Zoezi hilo huwapa hata wanafunzi wangu wa darasa la sita, na wasichana hulipenda kwa sababu wanaona kwamba jambo ambalo mama zao hulifanya kila wanapochagua kanga dukani ni sehemu ya fasihi.

Kanga hiyo hiyo imefika mbali. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akachukuliwa akiwa mchanga na mama yake kwenda Uingereza, na mama huyo alikuwa msanifu wa nguo. Binti akawa mchoraji, na katika kazi zake ameuchukua mpangilio wa kanga, yaani picha, pindo na maneno yaliyo pamoja, akautumia kuzungumzia watu weusi na historia yao. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ninamtaja kwa sababu nguo inayofuliwa, inayobebea mtoto na kufunikia wali imeingia katika kumbi kubwa za sanaa bila kubadilishwa kuwa kitu kingine.

Siti binti Saad ndiye ninayemrudia kuliko wote. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu waliokuwa wametoka utumwani, na mama yake, aliyekuwa na asili ya Uzigua, alikuwa mfinyanzi. Siti ndiye aliyekuwa akibeba vyungu kuvizungusha na kuviuza, na inaelezwa kwamba alikuwa akivinadi kwa kuimba, sauti yake ikisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Wengi husimulia habari hiyo kana kwamba ni utangulizi tu, umasikini uliokuja kabla ya umaarufu. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yake. Anayetembea na mzigo kichwani huku akiimba hujifunza kugawa pumzi, na anayeuza chungu mlango kwa mlango hujifunza kusoma nyuso za watu na kujua neno gani litamfungulia mlango. Mwaka 1911 alihamia mjini, akapata walimu wa muziki, miongoni mwao Ali Muhsin aliyekuwa katika kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, na kikundi chake mwenyewe kikawa na watu kama Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Swedi na Mwalimu Shaaban. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice.

Nyimbo zake zilikuwa na nini ndani yake? Zilikuwa na mambo ya mitaani. Jioni watu walikutana nyumbani kwake, habari za siku zikazungumzwa, na habari hizo zikageuka tungo. Wimbo wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti, ambaye alitoroka akakimbilia bara, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa wao. Wanawake wa mitaa ya Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuyaandika hayo, wala hakimu hakuwa tayari kuwasikiliza, lakini Siti aliwasikiliza, na wimbo ukadumu kuliko hukumu. Waliomwonea wivu walipomtungia maneno ya kumsimanga kwamba ametoka shamba amevaa kaniki, na kwamba kama si sauti asingekuwa na la kula, aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert, mtoto wa huku kwetu Tanga, aliyaandika maisha ya Siti, na Siti alifariki mwaka 1950. Kila ninapoona kwamba sina la kuandika hukumbuka kikao kile cha jioni, nikaenda kukaa na majirani zangu barazani nikasikiliza, bila daftari, kwa adabu ya mtu aliyekuja kuzungumza. Baraza ikivunjika huwa nina zaidi ya ninavyoweza kutunga.

Hapa naweka tahadhari ambayo kwangu ni nzito. Habari za jirani ni amana. Siti aliimba mambo yaliyokuwa yamekwisha julikana na mji mzima, tena mara nyingi kwa upande wa aliyedhulumiwa. Mimi siyatungi maumivu ya mtu aliyeniamini bila kumwomba ruhusa, na ninapoyatunga hubadilisha kila kinachoweza kumtambulisha. Fumbo lipo kwa ajili hiyo pia, wala si kwa ajili ya kurushia vijembe peke yake.

Nimesema wafinyanzi, basi nimtaje na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusoma sanaa, kisha katikati ya miaka ya sabini akaenda Abuja, Nigeria, ambako alijifunza kwa wanawake wafinyanzi wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali. Vyungu vyake havitumii gurudumu. Hujengwa kwa mkono, udongo juu ya udongo, hupanguswa na kusuguliwa hadi ving'ae bila kupakwa kitu cha kung'arisha juu yake, kisha huchomwa. Moto wenye hewa ya kutosha hukipa chombo wekundu wa udongo, na kikichomwa tena kwa moto ulionyimwa hewa hugeuka cheusi. Huo ni ujuzi ambao wanawake wa vijijini katika sehemu nyingi za Afrika wamekuwa nao kwa vizazi, wakitengeneza mitungi ya maji na vyungu vya kupikia, na vyombo vya Odundo leo viko katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Ninachokipenda kwake ni kwamba alikuwa na nafasi ya kuchagua njia nyingine yoyote ya kisasa, naye akarudi kujifunza kwa wanawake waliokuwa wakifinyanga kwa mikono yao.

Haya ninayoyasema yasigeuzwe kuwa hoja ya kumnyima mwanamke muda, kwa maana nimekwisha sikia yakigeuzwa hivyo. Mtu akisema kwamba jikoni kuna msukumo, atatokea mwingine aseme basi na abaki jikoni. Siti asingekuwa Siti kama angebaki Fumba akiuza vyungu. Vyungu vilimpa sauti na habari, lakini walimu, wenzake na saa za mazoezi ndivyo vilivyomkamilisha. Penina Muhando aliandika tamthilia ya Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na kila mara mambo ya nyumbani na mifarakano yao yanawavuta nyuma. Nilipoisoma nikiwa chuoni niliikasirikia kidogo, kwa sababu nilitaka nguzo isimame. Sasa ninaiona kuwa ya kweli kabisa. Mawazo huja katikati ya kazi, lakini kuyasahihisha, kuyapanga, kuyafuta na kuyaandika upya kunataka saa ambayo mtu hataitwa. Saa hiyo haiji kwa kusubiriwa, wala haifai kuibiwa usiku wa manane na mtu aliyechoka. Nyumbani kwetu tulikaa tukazungumza, tukakubaliana kwamba baada ya Isha baba watoto ndiye anayewalaza watoto na kuangalia kama bibi yao amekunywa dawa, na mimi ninafunga mlango wa chumba cha nje. Mwanzoni mama mkwe alishangaa. Nilimweleza kwa heshima kwamba kazi hii kwangu ni kama alivyokuwa yeye na nakshi za kofia zake, ambazo alikaa nazo mchana kutwa na hakuna aliyethubutu kumgusa, akacheka, na tangu hapo yeye ndiye anayewazuia wajukuu mlangoni.

Nguvu nyingine inatoka kwa wanawake wenzetu, na hii naiona imepungua. Bibi zetu walikuwa na vugo, walikuwa na lelemama, ngoma za wanawake zilizokuwa na vikundi vyenye viongozi, sare na mashindano makali. Kila harusi ilidai nyimbo mpya, kwa sababu kikundi cha upande wa pili kilikuwa kinasikiliza na kingejibu. Hapa Tanga vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilikuwa na ushindani wao, na sauti ya Shakila Saidi ilikulia katika hali hiyo ya kusikilizwa na watu wanaojua. Mtunzi asiyekuwa na mtu wa kumjibu hupoa, hata kama ana kipaji cha kutosha. Sisi wachache hukutana Jumamosi kwa mmoja wetu, kila mtu na kazi yake ya mkono, kofia au fuma au mchele wa kuchambua, na mwenye ubeti mpya huusoma. Sheria ni moja tu: anayesikiliza lazima ajibu, ama kwa kusahihisha ama kwa ubeti wake. Watu husema kwa uwazi kwa sababu macho yako kwenye uzi, na hakuna anayeona haya. Ambao wako mbali hutuma sauti kwa simu. Simu hiyo hiyo ndiyo ninayoitumia kurekodi kipande kinaponijia njiani nikitoka sokoni, mikono ikiwa na vikapu.

Kwa sasa ninatunga utenzi juu ya wanawake wanaonunua samaki mnadani kwenye soko la Deep Sea na kuwakaanga kwa kuuza. Niliwafuata kwa sababu ya harufu ya mafuta na chumvi iliyokuwa inanifikia kila asubuhi nikielekea shuleni, na kwa sababu ya namna wanavyosimama kwenye mnada katikati ya wanaume, wamejifunga vibwebwe, hawasogei. Kina cha mwisho nimechagua kiwe "ni", kwani maisha yao yote yapo katika mahali fulani: mnadani, jikoni, karaini, barabarani, majini ambako waume na kaka zao wamelala. Beti mbili za mwanzo ziko hivi:

Ngalawa zatia nanga,
Mama ameshajifunga
Kibwebwe chake cha kanga,
Asimama mnadani.

Na bei aipunguza,
Ndoo yake aijaza,
Mafuta akiongeza
Yachemka karaini.

Nilizisoma Jumamosi iliyopita. Ubeti wa kwanza ulipokelewa kwa vigelegele, lakini mmoja wetu, ambaye dada yake anakaanga samaki pale pale sokoni, aliukataa ubeti wa pili bila kuinua macho kutoka kwenye kofia yake. Alisema wanawake wale hawapunguzi bei kana kwamba bei iko mikononi mwao. Huipigania, na siku nyingine hushindwa wakarudi na ndoo tupu. Wengine wakamuunga mkono, mmoja akataka neno la kugombea liingie, mwingine akakumbusha kwamba tukiligusa neno hilo vina vya vipande vyote vitatu itabidi vibadilike. Tumekubaliana kwamba kila mmoja aje na pendekezo lake wiki ijayo, nami kesho nina nguo za kufua.